Nani kalipia?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wale mliodhani nimedisko mpunguze furaha kidogo, bado nipo. Kilichonipoteza ni projekti. Sura ya kwanza imerudi kutoka kwa Dokta ikiwa imejaa alama za kawaida za kalamu nyekundu, koma hapa, rejea pale, lakini pembeni ya mchoro mmoja ambao mimi niliuona ndio pambo la sura nzima, ameandika maneno mawili tu: "Nani kalipia?"

Basi. Hakuna "rekebisha", hakuna "njoo ofisini". Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikayatazama yale maneno kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama.

Mchoro wenyewe wengi mnaujua, hasa watu wa IT na wale wa biashara. Ni mraba uliogawanywa vyumba vinne, ndani yake kuna vidoti, kila kidoti kina jina la kampuni ya teknolojia. Kadiri kidoti kinavyopanda juu ndivyo kampuni inavyohesabiwa kuwa na uwezo wa kutekeleza, na kadiri kinavyokwenda kulia ndivyo maono yake yanavyohesabiwa kuwa mapana. Chumba cha juu kulia ni cha viongozi. Chini kushoto wanakaa wale wa soko dogo, masikini, ambao hakuna mkurugenzi anayetaka kuonekana ananunua kwao. Unaitwa Magic Quadrant, unatolewa na Gartner ya Marekani, na karibu kila aina ya programu ya ofisini ina mraba wake.

Mimi niliupata bure. Niliukuta kwenye tovuti ya kampuni moja ambayo kidoti chake, mtashangaa, kilikuwa juu kulia. Nikaunakili, nikaubandika, chini nikaandika "Chanzo: Gartner", nikaendelea na maisha. Na msinicheke, maana kwenye semina zetu za muhula uliopita nusu ya watu walikuwa na mchoro wa ukoo huo huo, au ile sentensi ya "kwa mujibu wa IDC soko la kitu fulani litakua kwa asilimia kadhaa". Ni desa tu. Tofauti yake na madesa ya kawaida ni kwamba hili limevaa tai.

Swali la Dokta likanikera kiasi kwamba niliacha kuandika nikaanza kutafuta jibu. Na leo nataka nitoe maoni yangu, kwa sababu naamini kati yetu wapo watakaokuwa wakuu wa TEHAMA kwenye mabenki na mashirika, na watakuwa wanaletewa hii michoro mezani pamoja na chai.

Tuanze na namba, maana kabla ya mchoro zilikuwepo namba. Mwaka 1964 kijana mmoja aliyesoma MIT, Patrick McGovern, alianzisha kampuni ndogo pale Massachusetts. Alikuwa mhariri wa jarida la kompyuta, akagundua kitu kimoja: waliokuwa wanatengeneza kompyuta hawakujua vizuri kompyuta zimefungwa wapi na ni za nani. Kila mtengenezaji alijua zake, alichotaka ni kuziona za jirani. McGovern akasema, mimi nitawahesabia, nilipeni. Inasimuliwa kwamba aliuza gari lake apate mtaji. Hiyo kampuni ndiyo IDC, hii hii tunayoinukuu kwenye sura ya kwanza. Mwaka 1967 akaanzisha gazeti la Computerworld, na mwaka 1987 likatoka jarida la CIO, kwa ajili ya wale mabosi wa teknolojia makazini, kipindi ambacho hicho cheo chenyewe kilikuwa bado kigeni. Jamaa alitajirika kweli kweli. Mwaka 2000 yeye na mke wake waliahidi MIT dola milioni 350 kwa ajili ya taasisi ya kuchunguza ubongo. Alifariki mwaka 2014.

Sasa angalieni mwanzo huo vizuri. Kuanzia siku ya kwanza, aliyelipia hesabu ni muuzaji. Mnunuzi alikuja baadaye, na alikuja kama mtu wa kuhesabiwa.

Upande wa mnunuzi ulifikiwa na mtu mwingine, Gideon Gartner. Huyu aliwahi kufanya kazi IBM, kisha akawa mchambuzi wa hisa Wall Street, kazi yake ikiwa kuwaeleza wawekezaji IBM inaelekea wapi. Akaona kuna watu wanatumia mamilioni kununua mitambo ya IBM na hawana wa kumuuliza kama bei itashuka mwezi ujao au kama mtambo mpya uko njiani. Mwaka 1979 akafungua kampuni yake, akawauzia watu hao kile ambacho wawekezaji walikuwa wanakipata. Na alikuwa na sharti ambalo mimi ningependa liletwe hapa chuoni hata kesho: andiko la mchambuzi liishie kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Hakuna kurasa themanini za utangulizi.

Hapo nakubali kabisa, wazo lilikuwa zuri. Ukiwa mnunuzi uko peke yako, muuzaji anajua bei aliyowauzia wengine mia na wewe hujui hata moja. Ukimpata mtu ambaye anaongea na hao mia, akakwambia "hapo kaza, wenzako wamepunguziwa", umeshaokoa ada yake. Mpaka leo mteja wa Gartner anayelipia anaweza kupiga simu akaongea na mchambuzi, akamwonyesha mkataba kabla ya kusaini. Wanaofanya hivyo sina ugomvi nao. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 6, na sidhani kama watu wote hao ni wajinga.

Ugomvi wangu unaanza pale ambapo wanaopimwa nao ni wateja. Maana ndivyo ilivyo. Makampuni yanayouza programu nayo hulipia huduma za hao hao wachambuzi, hupata muda wa kuongea nao, huwaelezea mipango yao. Kisha ukitoka mraba ambao kidoti chako kimekaa vizuri, unalipia haki ya kuusambaza. Ndio maana mimi niliupata bure! Hakuna aliyenihurumia mwanafunzi wa bumu. Muuzaji alishanilipia tayari, kama anavyolipia kalenda na kalamu zenye nembo. Yule ambaye kidoti chake kimekaa kona mbaya hawezi kulipa ili kutangaza aibu yake, kwa hiyo mraba wake hautaukuta kwenye tovuti yake. Ukitafuta bure mtandaoni unakutana na ushindi mtupu.

Gartner wenyewe wanasema kulipa hakuhamishi kidoti, na wana ofisi ya kupokea malalamiko ya watu wanaoona wameonewa. Sina ushahidi wa kuwaita waongo. Lakini wapo waliokwenda mahakamani. Mwaka 2009 kampuni ya ZL Technologies ya California iliishtaki Gartner, ikilalamika kwamba imewekwa kwenye chumba cha soko dogo kwa miaka wakati bidhaa yake ni nzuri. Kesi ikatupwa. Mwaka 2014 ikaja NetScout, hii ni kampuni kubwa zaidi, ikadai kwamba wanaoitumia Gartner pesa nyingi ndio wanaopendelewa. Kesi ikasogea taratibu kama foleni ya Ubungo ya zamani, mpaka mwaka 2020 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo la Connecticut ikaamua: Gartner wameshinda.

Wameshinda kwa hoja gani? Hapa ndipo niliposimama na chai yangu mkononi. Wameshinda kwa sababu zile nafasi za kwenye mraba ni maoni, na maoni yanalindwa na katiba ya Marekani. Huwezi kumshtaki mtu kwa maoni yake kama unavyomshtaki kwa kusema jambo la uongo linaloweza kupimwa.

Soma tena hiyo. Mbele ya hakimu ni maoni. Mezani kwa mkurugenzi ni utafiti. Kwenye sura yangu ya kwanza ikawa "Chanzo".

Simaanishi maoni ni kitu kibaya, hata haya yangu ni maoni na hayajalipiwa na mtu. Ila ukiyaweka kwenye mraba wenye mihimili miwili na vidoti, macho yanadanganyika yanadhani kuna rula ilipita pale.

Na maoni hukosea. Oktoba 2006 Gartner walishauri Apple iachane na kutengeneza mashine zake yenyewe, kazi hiyo impe Dell. Januari 2007 Apple wakatangaza iPhone. Mwaka huo huo 2007 wakatabiri kwamba ifikapo mwisho wa 2011 asilimia 80 ya watumiaji hai wa intaneti watakuwa na maisha ya pili kwenye zile dunia za kuigiza kama Second Life. Nani hapa ana maisha ya pili? La kwanza lenyewe linatushinda. Mwaka 2011 IDC na Gartner wote wawili wakasema Windows Phone itakuwa ya pili duniani mwaka 2015, kwa karibu moja ya tano ya soko la simu janja. Mwaka 2015 ulipofika haikufikisha hata asilimia 5. Utabiri ni kazi ngumu, hata wa mvua wanakosea, lakini wa mvua hawalipwi na wauza miavuli.

Majarida sasa. Mimi nilikuwa nashangaa ilikuwaje mabosi wa Marekani wakawa wanapelekewa jarida nene kama InformationWeek bila kulipa senti. Kumbe lilikuwa bure kwa anayestahili tu, na ili ustahili unajaza fomu: cheo chako, kampuni ina wafanyakazi wangapi, bajeti ya teknolojia inafika wapi, unahusika vipi kwenye manunuzi, unapanga kununua nini miezi 12 ijayo. Ukiijaza hiyo fomu umeshalipa. Gazeti linaenda kwa mwenye tangazo linamwambia, nina wasomaji elfu kadhaa wenye saini kwenye hundi. Mimi na wewe tungeomba tusingepewa, hatuna hundi.

Yale ya karatasi yalikufa moja moja. InfoWorld waliacha kuchapa mwaka 2007, InformationWeek 2013, Computerworld 2014. Kilichobaki ni fomu. Leo ukitaka ripoti yoyote ya namna hiyo unakutana na kisanduku kinachodai jina, barua pepe ya kazini na namba ya simu, halafu baada ya saa mbili unapigiwa na kijana mchangamfu anayetaka "kujua mahitaji yako". Ilinikuta wiki iliyopita. Nilijaza cheo "Mkurugenzi" ili nifunguliwe. Jamaa kanipigia nikiwa kwenye foleni ya wali maharage kantini, nikajibu kwa sauti nzito, "Niko kwenye kikao." Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilinunua IDG, yaani nyumba nzima aliyoijenga McGovern, kwa dola bilioni 1.3. Magazeti yalikuwa yameshakufa wakati huo. Unadhani walinunua nini, kama sio kujua nani anataka kununua nini?

Mtasema hayo ni ya Wamarekani. Haya, njooni Afrika Kusini. Mamlaka yao ya mapato, SARS, kati ya 2014 na 2015 iliwapa Gartner kazi ya kukagua mifumo yake na kushauri iende wapi. Mwaka 2018 tume ya Jaji Nugent ilipochunguza jinsi mamlaka ile ilivyoharibiwa, mikataba hiyo ikawa moja ya mambo yaliyoanikwa. Mei 2023 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, SEC, wakatangaza kwamba Gartner wamekubali kulipa karibu dola milioni 2.5 kumaliza shauri hilo, bila kukiri wala kukana. Walichodaiwa ni kwamba walikubali sehemu kubwa ya fedha za mkataba iende kwa kampuni binafsi ya huko yenye ukaribu na viongozi wa serikali, huku wakijua au wakifumbia macho uwezekano kwamba fedha hizo zingewafikia maofisa wa SARS. Mamlaka ya mapato ni mfuko wa wananchi wote, jamani. Na jina kubwa ndilo lililofanya mkataba uonekane msafi kwenye karatasi.

Sasa nieleze kwa nini hili jambo linanichoma mimi binafsi, achilia mbali kalamu nyekundu.

Nilipokuwa fildi nilipelekwa ofisi moja ya wasambazaji wa bidhaa za jumla, jina naliacha. Walikuwa wamenunua mfumo mpya wa stoo na mauzo. Siku ya kwanza meneja alituonyesha slaidi, na ya tatu ilikuwa, naam, mraba. "Tumechukua wa juu kulia," akasema, kwa fahari ile ya mtu aliyeoa kwenye ukoo mkubwa. Leseni zinalipwa kwa dola kila mwaka. Bei hatukuambiwa na hatukuuliza.

Stoo alikuwepo mama mmoja, mtu mzima, amekaa pale tangu bidhaa zikiandikwa kwenye kadi. Nikamwamkia, akanipa kiti, nikawa namsaidia kuingiza data. Siku ya pili nikaona chini ya kompyuta kuna daftari kubwa, lile la jalada gumu jeusi. Nikamuuliza, "Mama, hili la nini tena na mfumo upo?" Akacheka. "Mwanangu, huo mfumo ni wa kuwaonyesha wakubwa. Hili ndilo la kazi."

Tatizo lilikuwa mali kauli. Waliokulia Kariakoo mnaelewa. Mteja anakuja, anajulikana kwa sura na kwa jina la "baba nani", anachukua katoni kumi bila kulipa, Jumamosi analeta pesa ya saba na katoni moja anairudisha. Biashara nzima inaenda hivyo. Mfumo ulitaka kila anayekopa awe na TIN, awe na kikomo cha deni kilichoidhinishwa na mtu wa juu, na ankara ilipwe yote kama ilivyotoka. Baba nani hana TIN, na mtu wa juu hapatikani mchana. Kwa hiyo mama anaandika mali kauli zote kwenye daftari, jioni anaingiza kwenye mfumo kama mauzo ya fedha taslimu ili hesabu ya stoo ilingane. Maana yake mfumo unaonyesha pesa ambayo haipo. Tulipofunga mwezi, upungufu ukaonekana, na aliyeandikiwa barua ya kujieleza ni yeye. Meneja hakuandikiwa. Slaidi haikuandikiwa. Mama yule aliniomba nimsaidie kuiandika hiyo barua, mimi nikiwa na miaka yangu ishirini na mbili, na alikuwa anatetemeka.

Nilimwandikia. Niliambatisha kurasa za daftari. Fildi iliisha kabla jibu halijatoka, mpaka leo sijui waliishia wapi.

Halafu miezi mitano baadaye mimi huyo huyo nakaa chumbani, nafungua kompyuta, naandika projekti ya kupendekeza mfumo wa stoo kwa maduka ya dawa, na kitu cha kwanza ninachobandika ni mraba. Unaona? Niliyaona kwa macho yangu na bado nikabandika. Kwa sababu unapendeza, na kwa sababu msimamizi anaweza kudhani umesoma.

Ule mraba haukumdanganya meneja, tuwe wa haki. Labda kampuni ile kweli ina maono na inatekeleza, kwa wateja waliohojiwa, huko walikohojiwa. Ila kuingia kwenye mingi ya miraba hiyo lazima kwanza utimize masharti, mara nyingi kiwango fulani cha mapato au idadi ya wateja wakubwa. Kitu kisichouzwa hakina mapato. Chukua DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokua kutoka kwenye mradi ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ni bure, na wizara za afya za makumi ya nchi, yetu ikiwemo, zinautumia. Au chukua kitu unachokijua hata ukiwa usingizini: kontroo namba. GePG ilianza kutumika mwaka 2017, imejengwa na wataalamu wa humu humu chini ya Wizara ya Fedha, na leo mtu analipa ada, faini ya trafiki na bili ya maji kwa simu ya kitochi. Waliokaa kuibuni walijua kwamba mlipaji hana kadi ya benki na ana haraka. Hayo ni maarifa ambayo hakuna aliyepiga simu Connecticut kuyanunua.

Rafiki yangu wa chumba namba nne, yeye ni mtu wa masoko, kaniambia nakuza mambo. Anasema kila taarifa ina anayeilipia, hata gazeti la kawaida linaishi kwa matangazo, hata utafiti wa hapa chuoni mwingi unalipiwa na wafadhili. Kweli. Lakini mtafiti wa hapa anabanwa aandike mwishoni nani kamfadhili na kahoji watu wangapi kwa njia gani, na mtu mwingine anaweza kurudia kazi ile akaona kama inasimama. Ule mraba ukishatolewa kwenye ripoti yake na kubandikwa kwenye slaidi, unabaki vidoti tu. Tukabishana mpaka umeme ukakatika, tukalala.

Kwa hiyo nimefanya nini? Nimeufuta. Sura ya kwanza imepungua ukurasa mzima na ilikuwa inauma kama kung'oa jino. Badala yake nimezunguka maduka ya dawa Sinza na Manzese kwa siku sita, nimeingia 19, nimekubaliwa kuongea 14. Maswali yangu ni ya kizembe kabisa: unaandika wapi dawa ikiingia, unajuaje inakaribia kuisha muda wake, anayekopa unamwandika wapi, umeme ukikatika unafanyaje. Kumi na moja kati ya hao 14 wanaandika kwenye daftari. Wawili waliwahi kununua mfumo wakauacha, na mmoja wao kompyuta ameiweka juu ya kabati na juu yake kuna maua ya plastiki. Mmoja tu anautumia wake kila siku, na huo aliandikiwa na mpwa wake. Dada mmoja wa Manzese alinionyesha mbinu yake ya tarehe za kuisha muda: kila boksi analichora mstari wa kalamu ya rangi kwa mwezi wake, akiinua macho rafuni anaona. Nimeipiga picha (kwa ruhusa), imekaa pale ulipokuwa mraba.

Najua 14 ni wachache. Dokta atasema ni wachache. Siwezi kusema chochote kuhusu Tanzania nzima kwa watu 14, na nimeandika hivyo hivyo kwenye sura. Ila akiuliza tena nani kalipia, jibu ninalo na nimeliweka kwenye ukurasa wa tatu: mwandishi mwenyewe, nauli ya daladala na soda nne, kutoka kwenye bumu.

Nampelekea Jumatatu asubuhi. Kama kuna mtu ana printa yenye wino wa rangi anishtue kabla ya Jumapili, maana ile mistari ya yule dada kwa nyeusi na nyeupe haionekani kitu.